Simu Iliyoganda: Uizime Kawaida, Uilazimishe, Uiwashe kwa Hali Salama au Uifute Yote?

Simu ikiganda mkononi, washauri hawachelewi. Mmoja atasema izime uiwashe. Wa pili atasema bana vitufe viwili mpaka itetemeke. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atasema iformati tu, yaani ifute yote, itarudi kama mpya. Kila mmoja amewahi kuona dawa yake ikiponya, ndiyo maana hana shaka nayo. Ila simu walizoziponya hazikuwa na ugonjwa mmoja.

Hilo nimejifunza kwa machungu. Mama mdogo aliniletea simu iliyokwama kwenye nembo, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nilijaribu kuizima, ikagoma. Nikaingia kwenye menyu ya kufuta kila kitu, nikathibitisha, ikawaka safi kabisa. Picha za mwanawe tangu siku aliyozaliwa zilikuwa ndani ya simu ile tu, hazikuwa na nakala mahali pengine. Baadaye nikakutana na simu nyingine ya aina ile ile, imekwama vile vile, na kubana vitufe viwili kwa sekunde kama kumi kukaiamsha ikiwa na vitu vyake vyote. Labda ya mama mdogo isingeamka hivyo. Lakini sikuijaribu, na bado naumia nikikumbuka.

Tangu siku hiyo sishiki simu iliyoganda kabla ya kupima njia zilizopo. Hapa naziweka njia tano kando kwa kando, kwa mtu ambaye simu yake imegoma na hajui aanzie wapi.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa maswali manne.

La kwanza: inahitaji nini kutoka kwenye simu? Kuna njia inayotaka kioo kiwe kinaitikia mguso, na kuna inayohitaji vitufe tu. Swali hili peke yake huondoa nusu ya machaguo.

La pili: inafika wapi? Simu ina kumbukumbu ya muda, ile inayoitwa RAM, ambayo hupotea umeme unapokatika. Pia ina hifadhi ya kudumu, zinamokaa picha, ujumbe, programu na mfumo wenyewe. Hitilafu iliyo kwenye RAM huondoka simu ikizimwa. Iliyo kwenye hifadhi hukusubiri pale pale, na simu ikiwaka unakutana nayo tena.

La tatu: inakugharimu nini? Muda, kazi ambayo hujaihifadhi, au vitu vyako vyote.

La nne: inamfaa nani?

Kwanza hakikisha imeganda kweli

Kioo cheusi si lazima kiwe na maana kwamba simu imekufa. Ipigie kwa simu nyingine. Ikiita au ikitetemeka, mfumo uko hai, kilichokufa ni kioo, na hakuna kuzima wala kuwasha kutakakokitengeneza. Simu ya namna hiyo inahitaji fundi wa kioo. Ukiifuta utakuwa umepoteza vitu vyako bure.

Ikiwa kimya kabisa, ichomeke kwenye chaja unayoiamini na uiache angalau nusu saa. Betri iliyokauka kabisa inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kuonyesha hata alama ya chaji, na wengi huichomoa ndani ya dakika mbili wakidhani imeharibika.

Kama kioo kinawaka lakini mguso unarukaruka, chomoa chaja kwanza. Chaja mbovu huweza kuvuruga mguso hadi simu ionekane kama inajibonyeza yenyewe. Futa maji na jasho, angalia kama kikinga kioo kimeinuka, kisha ujaribu tena.

Ikiwa imepata joto kali, iache ipoe. Apple, kwa mfano, inashauri iPhone itumike mahali penye joto kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Simu iliyoachwa juani ndani ya gari hupita hapo upesi, na huweza kuwa nzito au kujizima ili kujilinda. Kuiwasha kwa nguvu ikiwa katika hali hiyo ni kuiongezea mateso.

Na kama mgongo umevimba au kioo kimesukumwa nje, acha kila kitu. Hiyo ni betri. Usiichaji, usiikandamize, usijaribu njia yoyote kati ya hizi. Mpelekee fundi.

Njia ya 1: Kuizima na kuiwasha kwa kawaida

*Inahitaji nini.* Kioo kiwe bado kinasikia, hata kama kwa kuchelewa. Unashikilia kitufe cha kuwashia, menyu inatokea, unachagua kuwasha upya. Kwenye simu nyingi za sasa kitufe hicho kikishikiliwa humwita msaidizi wa sauti. Kwenye Pixel 6 na zilizofuata, bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti ili menyu ya kuzima itokee. Kwenye iPhone zisizo na kitufe cha chini ya kioo, shikilia kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha sauti, kisha utelezeshe alama ya kuzima.

*Inafika wapi.* RAM. Programu zinaambiwa zihifadhi kazi zake na kuondoka, mfumo unafunga mafaili yake, umeme unakatwa, na simu inaanza upya. Programu iliyokuwa ikimeza kumbukumbu bila kuirudisha inaachia. Muunganisho wa mtandao uliokwama unajengwa upya, ndiyo maana simu inayosema haina mtandao ilhali jirani yako anao mara nyingi hupona hapa. Vivyo hivyo Bluetooth inayokataa kuungana, sauti iliyopotea, kamera inayofunguka ikiwa nyeusi, na simu iliyokuwa nzito tu baada ya kuwaka wiki nyingi mfululizo.

*Inagharimu nini.* Dakika moja au mbili. Lakini yapo mambo mawili ambayo watu huyasahau. Simu ikishawaka, alama ya kidole au uso havikubaliki mpaka uingize namba ya siri au mchoro. Mtu aliyezoea kidole kwa miaka miwili anaweza kujikuta amefungiwa nje ya simu yake kwa kuwa namba imemtoka kichwani. Kama laini nayo ina namba yake ya siri, itaulizwa pia: ukikosea mara 3 inadai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, na ukikosea PUK mara 10 laini hiyo imekwisha. Hakikisha unazijua namba hizo kabla ya kuzima.

*Inamfaa nani.* Yeyote ambaye simu yake bado inamsikia. Hata simu isiyo na tatizo haidhuriki kwa kuzimwa mara moja kwa wiki. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, liliuweka ushauri huo katika mwongozo wake wa simu wa mwaka 2020, kwa sababu baadhi ya programu za udukuzi huishi kwenye RAM tu na hupotea simu inapozimwa.

Kuna mtu mmoja ambaye namwomba awe mwangalifu hapa: mwenye kitufe cha kuwashia kilichoharibika. iPhone iliyozimwa hujiwasha yenyewe ikichomekwa chaja, lakini simu nyingi za Android huonyesha picha ya betri tu na kubaki zimezima. Kwa hiyo chagua *kuwasha upya*, usichague *kuzima*. Kuanzia Android 12 alama ya menyu ya kuzima inapatikana ukivuta paneli ya juu. Kwenye iPhone unaweza kuzima kupitia mipangilio bila kugusa kitufe.

Njia ya 2: Kuilazimisha kwa vitufe

Hii ndiyo njia ambayo ningependa kila mwenye simu aijue kabla hajaihitaji. Inaokoa simu nyingi ambazo watu tayari wamezikatia tamaa.

*Inahitaji nini.* Vitufe vizima na chaji kidogo. Kioo hakihitajiki kabisa. Sababu ni kwamba ukishikilia vitufe kwa sekunde kadhaa, amri haipitii kwenye mfumo ulioganda. Inakwenda moja kwa moja kwenye chipu inayosimamia umeme wa simu, nayo inakata na kuanza upya bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo maana hufanya kazi hata pale ambapo hakuna kingine kinachoitikia.

Vitufe hutofautiana kwa aina ya simu, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa na kudhani simu imekufa:

iPhone 8 na zote zilizofuata: bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na ukiachie haraka, bonyeza cha kupunguza sauti na ukiachie haraka, halafu shikilia cha pembeni mpaka nembo ya tufaha itokee. Alama ya kuteleza ikitokea katikati, usiiguse na usiachie kitufe, endelea kushikilia. Wengi huachia hapo. Jambo jingine: ukishikilia cha sauti na cha pembeni kwa pamoja badala ya kufuata mfuatano huo, unaweza kuanzisha simu ya dharura.

iPhone 7 na 7 Plus: shikilia cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia. iPhone 6s na za kabla yake: cha nyumbani pamoja na cha kuwashia.

Samsung Galaxy: cha kupunguza sauti pamoja na cha pembeni kwa zaidi ya sekunde 7.

Google Pixel: cha kuwashia peke yake, kwa sekunde kama 30. Ndiyo, nusu dakika nzima. Hesabu kwa sauti kama huna saa, kwa sababu sekunde 10 za mtu mwenye wasiwasi huwa ni 4.

Simu nyingine za Android kwa kawaida hufuata mojawapo ya mitindo hiyo miwili ya mwisho. Na zile za zamani ambazo betri yake hutoka, toa betri, subiri kidogo, irudishe.

*Inafika wapi.* RAM tu, sawa na njia ya kwanza. Haifuti picha, haifuti ujumbe, haifuti programu. Tofauti ni adabu: njia ya kwanza inabisha hodi, hii inaingia bila kubisha. Programu hazipewi nafasi ya kuhifadhi chochote.

*Inagharimu nini.* Kile ulichokuwa ukiandika wakati ule na hakijahifadhiwa. Mifumo ya mafaili ya simu za sasa imetengenezwa ikijua kwamba umeme unaweza kukatika ghafla, kwa hiyo kulazimisha mara moja si jambo la kuogopa. Cha kuogopa ni kulazimisha simu iliyo katikati ya kusasisha mfumo. Ukiona nembo yenye mstari unaosogea, au maandishi yanayosema sasisho linaendelea, ipe muda, hata kama mstari umesimama kwa dakika kadhaa. Ukikata hapo unaweza kuacha mfumo nusu umeandikwa na nusu haujaandikwa, na tatizo dogo likageuka kubwa.

Vile vile simu iliyoingia maji. Ikiwa imezima, usiilazimishe kuwaka ili kuona kama imepona. Umeme na maji vikikutana ndani ndipo vipande vinapoungua.

Kwenye Android inaweza kutokea kwamba umeshikilia vitufe visivyo vyenyewe na ukajikuta kwenye skrini nyeusi yenye orodha ya maandishi madogo. Usiogope, hujaharibu kitu. Vitufe vya sauti hupandisha na kushusha, cha kuwashia huchagua. Tafuta mstari wa 'Reboot system now', uchague huo, usiguse wenye neno 'wipe'.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu iliyoganda kabisa, iliyobaki na kioo cheusi ingawa ina chaji, au iliyokwama kwenye nembo kwa muda mrefu bila sasisho lolote kuendelea. Haimfai anayelazimika kuifanya kila siku. Simu inayohitaji kulazimishwa kila jioni ina ugonjwa ambao hauko kwenye RAM, na njia hii haitaufikia hata ukiirudia mara mia.

Njia ya 3: Kuiacha chaji iishe yenyewe

*Inahitaji nini.* Subira tu. Hakuna kioo, hakuna vitufe.

*Inafika wapi.* RAM, kama zile mbili za kwanza.

*Inagharimu nini.* Saa, pengine siku nzima, maana simu iliyoganda huku kioo kimezima inaweza kukaa na chaji muda mrefu. Kuimaliza betri mara moja hakuiui, kwa kuwa simu hujizima kabla seli hazijashuka kufikia kiwango cha hatari. Ila usiiache imekauka kwa wiki kadhaa, hapo ndipo betri za lithiamu huharibika kweli. Na kumbuka onyo la kitufe kibovu: ukiwa na Android, inaweza isijiwashe tena utakapoichomeka.

*Inamfaa nani.* Mwenye vitufe vilivyokufa na simu isiyoitikia mguso, ambaye hana haraka nayo. Mwingine yeyote aanze na njia ya pili.

Njia ya 4: Hali salama

*Inahitaji nini.* Simu ya Android inayoweza kuwaka hadi mwisho, hata kama inasumbua baada ya hapo. Kwenye nyingi, fungua menyu ya kuzima, kisha shikilia kidole kwenye alama ya kuzima mpaka chaguo la hali salama litokee. Kama huwezi kuifikia menyu, simu nyingi huingia humo ukishikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka. iPhone haina hali hii kwa mtumiaji wa kawaida. Mwenye iPhone inayosumbuliwa na programu moja ataisasisha au ataiondoa moja kwa moja.

*Inafika wapi.* Hapa tunapita RAM na kugusa chanzo, japo kwa kukitafuta tu. Simu inawaka na programu zilizokuja nayo pekee. Kila ulichopakua mwenyewe kinabaki mahali pake lakini kimelazwa. Ikiwa simu iliyokuwa ikiganda kila baada ya dakika tano sasa inakwenda vizuri kwa saa nzima, umeshajua: mkosaji ni programu uliyoiweka wewe. Anza kuondoa ya karibuni zaidi, rudi hali ya kawaida kwa kuwasha upya, pima, endelea. Ikiwa inaganda hata humo, basi programu zako hazina hatia, na unaweza kuacha kuzifuta moja moja bila sababu.

Naithamini njia hii kwa sababu ni ya uchunguzi. Zile tatu za mwanzo zinaiamsha simu bila kukwambia kwa nini ililala. Hii inakwambia.

Thamani hiyo ina mipaka yake, na Machi 2021 watu wengi waliiona. Programu nyingi kwenye simu za Android zilianza kujifunga zenyewe, ya Gmail ikiwemo. Waliozima na kuwasha walirudi kwenye tatizo lile lile. Kisa kilikuwa sehemu ya mfumo iitwayo WebView, ambayo programu nyingi huitegemea kuonyesha kurasa za intaneti ndani yake. Dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome. Kwa hiyo ukiona programu nyingi zisizohusiana zinaanguka siku moja, usikimbilie kumsaka mkosaji mmoja. Sasisha kwanza.

*Inagharimu nini.* Muda wa uchunguzi, na uvumilivu. Baadhi ya wijeti huweza kutoweka kwenye skrini ya mwanzo, itabidi uzipange upya, kwa hiyo piga picha ya skrini kabla ya kuingia. Hakuna picha wala ujumbe unaofutwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu inayowaka lakini inaganda tena na tena, inapata joto bila kazi, inamaliza chaji upesi, au inaleta matangazo hata pale ambapo hujafungua kitu. Hasa kama yote hayo yalianza baada ya kupakua programu fulani. Aliyekwama kwenye nembo huenda isimfae, kwa kuwa simu yake haifiki huko.

Njia ya 5: Kuifuta yote irudi ilivyotoka kiwandani

*Inahitaji nini.* Kwenye mipangilio, kama simu inawaka. Kama haiwaki, kupitia ile menyu nyeusi ya Android, au kwa kompyuta kwa upande wa iPhone. Na inahitaji kitu ambacho watu hawakitaji kabisa: nenosiri la akaunti yako. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zilizofutwa kwa nguvu hudai akaunti ya Google iliyokuwa ndani yake kabla ya kukuruhusu kuingia. iPhone zina kufuli la namna hiyo tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Lakini haujui kumtofautisha mwizi na mwenye simu aliyesahau nenosiri lake.

*Inafika wapi.* Kwenye hifadhi ya kudumu, mahali ambapo njia zile za kuzima na kuwasha hazifiki. Na kuna magonjwa ambayo kweli hukaa huko. Mwaka 2020 picha moja ya mandhari ilienea ambayo ukiiweka kama picha ya skrini kwenye baadhi ya simu za Android 10, zikiwemo za Samsung na Google, simu iliingia kwenye mzunguko wa kuzima na kuwaka bila kikomo. Rangi za picha ile zilizalisha namba iliyozidi kiwango ambacho programu ya mfumo ilikitarajia, programu ikaanguka. Simu ilijiwasha, ikaisoma picha ile ile kutoka kwenye hifadhi, ikaanguka tena. Kulazimisha kwa vitufe kusingesaidia kitu, kwa kuwa kilichoiangusha kilikuwa kikisubiri mlangoni. Wengine waliwahi kuiondoa picha, wengine hawakuwa na njia ila kufuta.

*Inagharimu nini.* Kila kitu kisicho na nakala. Picha, sauti, ujumbe, namba zilizohifadhiwa kwenye simu na wala si kwenye akaunti, pamoja na zile programu zinazotoa namba za kuthibitisha kuingia kwenye akaunti nyingine. Laini ya kadi haifutwi. Kadi ya kumbukumbu kwa kawaida nayo haifutwi, ila itoe kabla ya kuanza, na kama iliwekewa usimbaji na simu hiyo, yaani ilifungwa isisomeke kwenye simu nyingine, ondoa usimbaji huo kwanza, la sivyo hutaisoma tena.

Kwa mwenye iPhone iliyokwama kwenye nembo kuna hatua ya katikati ambayo natamani ijulikane zaidi. Ukiiunganisha na kompyuta ikiwa katika hali ya urejeshaji, kompyuta inakupa machaguo mawili: kusasisha au kurejesha. Kusasisha hujaribu kuweka mfumo upya bila kugusa vitu vyako. Kurejesha hufuta. Jaribu kusasisha kwanza, daima.

*Inamfaa nani.* Ambaye ana nakala za vitu vyake, anakumbuka nenosiri la akaunti, na ameshapita njia nyingine bila mafanikio. Pia anayetaka kuuza au kugawa simu. Kwa mtu huyo njia hii si ya kuogopwa hata kidogo, na simu iliyokuwa imejaa takataka za miaka minne inaweza kweli kurudi nyepesi. Kwa asiye na nakala, hata kama njia zote nyingine zimeshindwa, kituo cha kwanza kiwe kwa fundi anayeweza kujaribu kuokoa data. Mwambie wazi kabla hajaanza: picha zangu ni muhimu kuliko simu. Fundi asiyeambiwa hivyo huweza kuflashi, yaani kuandika mfumo mpya juu ya ule wa zamani, mara moja, naye atakuwa hajakosea, maana uliomba simu iwake tu.

Kulingana na hali yako

Kama simu ni nzito, mtandao umekata au programu moja imegoma, lakini kioo kinakusikia: izime na uiwashe kwa kawaida, baada ya kukumbuka namba yako ya siri.

Kama imeganda na haisikii mguso: ilazimishe kwa vitufe vya aina yake. Ikishindikana mara ya kwanza, ichaji nusu saa, ujaribu tena kwa kuhesabu sekunde vizuri.

Kama imekwama kwenye nembo: angalia kwanza kama ni sasisho. Kama ni sasisho, subiri. Kama sivyo, ilazimishe. Mwenye iPhone, ikirudi pale pale, kompyuta na chaguo la kusasisha. Mwenye Android, jaribu kuwasha upya kupitia menyu nyeusi, halafu hali salama kwa kitufe cha sauti, na ukishindwa simama hapo ujiulize kuhusu nakala kabla ya kwenda mbele.

Kama inaamka kila unapoilazimisha lakini inaganda tena siku ile ile: acha kuilazimisha, ingia hali salama. Angalia pia nafasi ya hifadhi. Simu iliyojaa pomoni haina mahali pa kuandikia mafaili yake ya muda, na itaganda hata kama programu zote ni nzima.

Kama vitufe vimekufa: tumia menyu ya paneli ya juu au mipangilio kuwasha upya kama kioo kinaitikia. Kisipoitikia, acha chaji iishe, huku ukijua hatari ya Android kutojiwasha.

Kama simu si yako, umeletewa na mzazi, shangazi au rafiki: uliza swali moja kabla ya kubonyeza chochote. Kuna nini humu ambacho hakipo pengine? Jibu likiwa ni picha, njia ya tano imeondoka mezani mpaka mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba yuko tayari kuzipoteza.

Na kama simu imeamka, kwa njia yoyote ile, usiirudishe mfukoni kwanza. Ichomeke kwenye chaja, iunganishe na intaneti, na uzihamishe picha zake kwenye akaunti au kompyuta sasa hivi, wakati bado inakusikia.